Wa Leo au wa Barafu?

Mteja wa soko la Feri, Dar es Salaam, akisimama mbele ya meza ya samaki, kabla ya bei huuliza: "Wa leo au wa barafu?" Mama yangu aliuza samaki pale kwa miaka mingi, na swali hilo lilimkera kama mtu anayeulizwa mbele za watu kama ameoga. Hakulijibu. Alimwinua samaki, akamgeuzia mteja uso wake, akasema, "Muulize mwenyewe. Jicho hilo hapo." Samaki wa leo jicho lake limejaa, jeusi, linang'aa. Wa barafu jicho limezama na limefanya ukungu. Unaweza kumwosha, ukamnyunyizia maji kila dakika, ukamlaza juu ya jani la mgomba, jicho halidanganyi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulipata elimu hiyo kabla ya ile ya darasani, na mpaka leo siwezi kumwamini mtu kabla sijamtazama machoni.

Basi mdogo wangu alipokwenda Kanada na kupiga simu ya video kwa mara ya kwanza, mama hakumuuliza kama amefika salama. Alishika simu kwa mikono miwili akasema, "Sogeza jicho."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Sogeza jicho."

Akalisogeza mpaka kioo chote kikawa jicho moja na kope zake. Mama akalitazama kwa utulivu ule ule wa Feri, akiigeuza simu huku na huku kana kwamba anatafuta mwanga. "Wa leo," akasema hatimaye. "Haya, sasa sema. Umekula?" Nilicheka sana siku ile. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa desturi yetu ya kila Jumapili, kwetu jioni na kwake asubuhi, na kwamba zingefika Jumapili ambazo nisingekuwa na hamu ya kucheka.

Ili umwelewe mama, lazima ujue kuwa kwake barafu ilikuwa na kazi moja tu. Feri samaki hupangwa kwenye boksi: tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena. Hakuna aliyewahi kumtoa samaki humo akiwa anapumua. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema kwamba huko barafu iko barabarani, iko juu ya mapaa, na asubuhi moja ilikuwa kwenye ndevu zake mwenyewe, mama hakuona picha nzuri ya kuwaonyesha majirani. Aliona mwanawe amelazwa katikati ya matabaka mawili.

Mimi nilikuwa na ugomvi wangu mwingine. Kabla hajaondoka tulikuwa na biashara moja, mimi na yeye, ya juisi ya ukwaju, upenuni mwa duka la vyombo pale Kariakoo. Siku alipopata safari alifurahi mtaa mzima ukajua, na hakuna aliyekumbuka kuuliza nani atashika upande wa pili wa bonge la barafu. Wateja walipomuulizia niliwajibu kwa mkato, "Asiyekuwepo na lake halipo," nikawamiminia juisi yao.

Suala la bonge silisemi kwa utani. Bonge hutufikia asubuhi kwa mkokoteni, limefunikwa gunia na maranda ya seremala, kwa sababu maranda hayapitishi joto upesi. Kingo zake ni angavu, unaweza kumwona mtu aliyesimama upande wa pili. Katikati ni jeupe, maana maji yale huganda kuanzia nje kwenda ndani, yakiisukuma hewa mbele yake mpaka inakosa pa kutokea. Mgeni wa kazi huchukua nyundo akalipiga. Atapata vipande mia ambavyo adhuhuri haivikuti. Barafu huyeyukia kwenye ngozi yake, na ukiivunjavunja unaiongezea ngozi. Anayejua huchukua msumari mrefu, anaugonga kidogo, anausogeza, anaugonga tena, na mwishowe bonge linapasuka lenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka. Ila lazima mwenzako awe amelishika kwa gunia upande wa pili, la sivyo linateleza na kukukimbia. Mshikaji alikuwa mdogo wangu. Nilipobaki peke yangu nililibana ukutani kwa goti, goti likafa ganzi, na kila asubuhi nilimkumbuka kwanza kwa hasira, kisha bila hasira. Nilitamani hata yale matani yake ya kijinga, ya kuniambia nagonga kama bibi harusi.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwenye deli la juisi nikiwa peke yangu, kwa kuwa sikuwa na wa kuongea naye. Watu hudhani baridi inapungua kidogo kidogo kadiri barafu inavyopungua. Sivyo. Koroga vizuri, na ilimradi kimebaki kipande, hata cha ukubwa wa punje ya hindi, juisi ina baridi ile ile ya asubuhi. Joto lote la Kariakoo linalojaribu kuingia mle linaliwa na kazi ya kuyeyusha kile kipande. Kikishakwisha ndipo juisi inapoanza kupata moto, na inapata haraka, hata mteja aliyekuja nusu saa baadaye anakuona mwizi. Nilikuwa nakiangalia kile kipande cha mwisho kikizunguka, na nilikuwa nahesabia hapo muda wa kufunga.

Mama aliacha kwenda Feri kwa sababu ya macho. Alianza kwa kulalamika kuwa watu wanamtokea ghafla ubavuni kama majini. Kumbe pembeni alikuwa haoni tena. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichokwisha potea hakirudi, na matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa duara la mbele yake, na lilikuwa linapungua. Mama alisikiliza yote kwa adabu, akamshukuru daktari, na tulipofika nyumbani Ilala akakaa kwenye kitanda, akanyoosha mkono kuelekea mlango wa chumba chetu.

"Nataka nimwone amesimama pale," akasema. "Si kwenye simu. Pale mlangoni, na urefu wake wote. Kabla macho hayajafunga."

Alimwambia na mwenyewe Jumapili iliyofuata. Mdogo wangu akasema lile alilokuwa akilisema kila mwaka: "Mwakani, mama, Mungu akipenda." Makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika; akitoka huko asingeruhusiwa kuingia tena. Mama, ambaye ni mtu wa Kilwa na ana methali kwa kila maradhi, akamwambia, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Naye akaitikia, "Nitarudi, mama. Ni makaratasi tu." Tangu hapo kila Jumapili mama alimwita arudi, na mimi nilikuwa nyuma yake naosha vyombo, sisemi kitu.

Kisha ikaja ile vita ya chumvi.

Ilikuwa Desemba, majira yao ya baridi. Mdogo wangu alimweleza mama kuwa amepata kazi kwenye jengo wanaloishi wazee, na kwamba kila alfajiri anapita kwenye ngazi na vijia akimwaga chumvi juu ya barafu, ili wazee wasiteleze.

Mama akauliza taratibu, "Unamwaga nini?"

"Chumvi, mama."

"Juu ya barafu?"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto, umesahau kila kitu?" Mama alishikwa na ghadhabu ambayo sikuwahi kuiona tangu aache meza yake. Maana Feri, mtu anayesafirisha samaki mbali, tuseme Dodoma, hutia viganja vya chumvi kwenye barafu yake. Barafu inakuwa kali. Samaki wanakakamaa kama kuni, na ukitumbukiza mkono mle unautoa hauna habari nao. Hakuna mtu Feri asiyejua kuwa chumvi inaiongezea barafu ukali. "Unawaongezea baridi wazee wa watu! Na chumvi ya kula, unaimwaga barabarani!"

Mdogo wangu alicheka, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. "Mama, chumvi inayeyusha barafu. Huku kila mtu anajua."

"Na huku kila mtu anajua inaikaza."

"Mama, hiyo ya Feri ni mazoea. Hii ni sayansi."

Hilo lilikuwa la pili. Mama alinipa simu bila kumuaga, akasema, "Zima." Jumapili iliyofuata alipiga, mama akakataa kuangalia jicho. "Aiulize sayansi jicho lake likoje," akasema, akageukia ukuta. Na Jumapili nyingine vile vile.

Nisiseme uongo, mwanzoni nilifurahi kidogo. Kipenzi cha mama naye alikuwa ameonja. Lakini furaha hiyo haikudumu. Mama alikuwa akikaa na simu mapajani siku nzima ya Jumapili, ikilia ananipa mimi, ikikatika anaitaka tena. Hakula vizuri. Duara lake lilikuwa linapungua na alikuwa analitumia kutazama ukuta. Na mimi, bila ile sauti ya mdogo wangu chumbani, nilijikuta naosha sahani zilizokwisha safishwa.

Siku moja nikarudi na vipande vya barafu kutoka kwenye deli. Nikaviweka kwenye sufuria mbili ndogo, sawa kwa sawa, mbele ya miguu ya mama. Moja nikaimwagia chumvi, nikakoroga. Nikamwambia aangalie, na asichoweza kukiona nikamwelekeza kwa vidole. Ile ya chumvi ilianza kutoa maji palepale, wakati ile nyingine imekaa tu.

"Mwanao kasema kweli," nikamwambia. "Inayeyuka."

Mama akakunja uso.

"Sasa tia kidole kwenye hayo maji."

Alitia, akakichomoa kwa ukelele, akakiweka mdomoni. Nikampapasisha nje ya sufuria. Ile ya kawaida ilikuwa inatoka jasho tu, kama chupa yoyote ya maji baridi. Ile ya chumvi nje yake kulikuwa kumeota ukoga mweupe mkavu. Unyevu wa hewa ya Ilala ulikuwa unagandia juu ya bati. Ndani kulikuwa na maji, maji kabisa, yanatingishika, na yalikuwa baridi kuliko barafu iliyoyazaa. Chumvi ilikuwa inailazimisha barafu kuyeyuka, na barafu haiyeyuki bila kula joto. Kwa kuwa halikuwepo joto la kutosha, ilikuwa inajila yenyewe.

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo mmesema kweli wote wawili."

Akafikiri. "Mimi nilianza kusema." Kisha akanyoosha mkono. "Mpigie."

Mdogo wangu alipokea kabla haijalia mara ya pili. Aliomba radhi kwa lile neno la sayansi, na mama akamwambia ahakikishe wale wazee wanavaa viatu, kwa sababu maji yale yanauma kuliko barafu. Halafu akamwambia asogeze jicho. Akalitazama muda mrefu, simu ikiwa karibu kabisa na jicho lake lenye nafuu, lakini safari hii hakusema wa leo wala wa barafu. Alisema, "Sioni vizuri. Mwanga mbaya." Mwanga ulikuwa mzuri.

Desemba ile ile mwenye duka la vyombo, Mchaga, alikuwa anafunga mizigo. Desemba Kariakoo hupungua. Nusu ya wenye maduka wanapanda kwao Kilimanjaro na watoto wao, mabati ya kuezekea na mafurushi ya zawadi, na asiyekwenda huulizwa kulikoni. Alikunywa glasi yake ya ukwaju, bila barafu kama siku zote, nikamuuliza kwa uchokozi kama anayaogopa mafua. "Barafu ya kwetu inaangaliwa, hainywewi," akasema. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu wa masufuria. Baba yake aliuona mlima mweupe mpaka mabegani, yeye anauona umevaa kofia, na hajui wajukuu wataona nini. "Ule weupe ndio unaojilinda," akasema. "Jua likiupiga, unalirudisha. Ukipungua, jiwe jeusi linatokeza, linashika moto, basi weupe unapungua zaidi. Ndiyo maana siruki mwaka." Akalipa, akaondoka kwenda kwao. Niliutazama mgongo wake nikajikuta na wivu wa kweli. Kila mtu mtaani alikuwa na pa kurudi au na mtu wa kumrudia.

Baada ya mapatano ya chumvi, mama alikuwa na imani kidogo na maarifa ya mwanawe, basi akamuuliza lile lililomkaa rohoni. "Hayo maziwa ya huko yakiganda, samaki wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mama. Wapo chini."

"Wamekufa."

"Wazima. Wanaogelea."

"Usinifanye mtoto. Mimi samaki walio kwenye barafu nawajua."

Mdogo wangu akawa mwangalifu safari hii. "Mama, unakumbuka zile chupa za soda?"

Tulikumbuka wote. Siku ya kuamkia Idi alitia kreti nzima ya soda za chupa kwenye friza la mwenye nyumba ili zipoe haraka, akaenda kuangalia mpira, akasahau. Zilipasuka zote. Mama aliokota vioo mpaka mikono ikatoka damu, na wageni wakanywa maji.

"Zilipasuka kwa nini?" mdogo wangu akauliza.

"Kwa ujinga wako."

"Ndiyo, mama. Na kwa sababu maji yakiganda yanavimba. Yanapopoa yanasinyaa kama vitu vyote, lakini yakikaribia kuganda yanabadili nia, yanaanza kutanuka. Yakitanuka yanakuwa mepesi, basi yanaelea. Ziwa linaganda juu, barafu inakuwa mfuniko. Mfuniko ukishakaa, baridi ya nje haishuki kirahisi. Chini maji yanabaki maji. Ni ya baridi, lakini ni maji."

Mimi niliyekuwa naosha vyombo niliacha kuosha. Nilikuwa nimeangalia barafu ikielea kwenye ukwaju kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuona kuwa ni ajabu. Kesho yake niligandisha kipande cha mafuta ya nazi, nikakidondosha kwenye mafuta ya nazi yaliyoyeyuka. Kikazama mpaka chini, kama jiwe. Hivyo ndivyo vitu vinavyopaswa kufanya vikiganda. Kama maji nayo yangekuwa na tabia ya mafuta ya nazi, kila tabaka linaloganda lingezama, na lingine, na lingine, mpaka ziwa zima lingekuwa bonge moja na kila kilichomo ndani kimekwisha. Nilikaa nikalitazama lile tonge la mafuta chini ya bakuli, na nywele zikanisisimka.

"Nitaamini nikiona," ndilo jibu la mama kwa wote wawili.

Akaonyeshwa. Jumapili moja jioni simu ililia, na kioo kilipowaka kilikuwa cheupe chote, na katikati yake mdogo wangu amesimama, kofia mpaka kwenye nyusi. Nilikaa kwenye kigoda ubavuni kwa mama ili nimsimulie asichokiona.

"Umesimama juu ya nini?" mama akauliza.

"Juu ya maji, mama."

"Astaghfirullah. Toka hapo."

Akaruka akatua kwa miguu yote miwili kumwonyesha. Mama akafumba macho. Palikuwa na tundu limetobolewa kwenye barafu, duara kama mdomo wa ndoo. Alipiga goti akaingiza mkono kuonyesha unene, ukazama mpaka kwenye kiwiko kabla haujafika maji, na maji yenyewe yalikuwa meusi tii. Akatumbukiza mshipi. Tulisubiri. Nilimsikia mama anapumua kupitia pua, kama alivyokuwa akipumua boti zikikaribia na hajui zimebeba nini.

Mshipi ukastuka. Mdogo wangu akauvuta kwa mikono yote miwili, akatoa samaki mrefu wa kijani akijipigapiga, anarusha theluji kila upande.

Mama akaiweka simu karibu kabisa na uso wake. "Msogeze."

Akamsogeza. Jicho la samaki lilijaa kioo. Lilikuwa limejaa, jeusi, na duara la dhahabu pembeni.

"Wa leo," mama akasema. Alisema kwa sauti ndogo mno, kama mtu anayesoma dua. "Wa leo, jamani. Katoka chini ya barafu, na ni wa leo."

Yule samaki alifungua mdomo na kuufunga. Palepale alipolazwa, mkia wake ulianza kukakamaa na theluji ikamshika.

"Anaganda huyo," mama akasema. "Mrudishe."

"Mama, huyu mkubwa, tunakwenda kumla."

"Mrudishe chini, nimesema."

Mwanamke aliyekaa Feri miaka ile yote, aliyekata vichwa vya samaki wasio na idadi, alikuwa anamtetea mmoja wa Kanada. Mdogo wangu akapiga goti, akamshusha kwenye tundu, akamshika kidogo majini mpaka akatingisha mkia akazama. Na hapo mtu akacheka. Alikuwa mwanamke, karibu kabisa, nyuma ya simu.

Mama ameishiwa macho, si masikio. "Simu kaishika nani?"

Tulisikia upepo tu.

"Nimeuliza, simu kaishika nani?"

"Mke wangu, mama."

Hatukuwa na habari. Nilimtazama mama nikitegemea nisichokijua, kilio au matusi. Aliuliza, "Mke wa ndoa?"

"Wa ndoa, mama. Msikitini. Imamu Msomali."

"Geuza simu."

Simu ikageuzwa, ikatokea sura iliyozungushiwa skafu, pua nyekundu kwa baridi. "Shikamoo, mama," yule mwanamke akasema, polepole, neno moja moja, kama mtu aliyejifunza kwa siku nyingi.

"Marahaba, mwanangu." Mama akamtazama machoni kwa muda wake wote ule ule, kisha akashusha pumzi. Yeye hakuona zaidi ya uso. Mimi niliona.

"Mama," nikamnong'oneza, "koti lake halifungi mbele."

Mama akaelewa. "Lini?" akauliza.

"Mwezi wa nne," mdogo wangu akajibu kutoka pembeni, sauti yake imevunjika. "Nilitaka nikuambie uso kwa uso, mama. Nikija mwakani..."

"Usije."

"Mama?"

"Ukitoka hurudi, si ndivyo ulivyoniambia? Basi mtoto azaliwe akute baba yake yupo. Nilidhani huko hakuna uhai. Kumbe upo, nimeuona. Kaa, baba. Kaa na watu wako."

"Na macho yako?"

"Macho ni yangu, nitajua mwenyewe." Akamwombea kheri yeye na mkewe na kilichomo tumboni, akanipa simu, akainuka. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza. Alishika ukuta, akatembea mpaka mlangoni, pale pale alipotaka kumwona mwanawe amesimama, akapita kwenda kutawadha.

Nikabaki na simu. Mdogo wangu alikuwa ameirudisha kwake, analia waziwazi, mtu mzima juu ya ziwa.

"Dada, umemsikia mama?"

"Nimemsikia."

"Kasema nikae."

Ningeweza kusema hongera, na lilikuwa ndilo neno la kusema. Lakini nilikuwa nimegundua jambo. Miaka yote ile mama ndiye aliyekuwa akimwita arudi, kila Jumapili, na mimi nilikuwa nyuma yake na sahani zangu, nikimwachia aniitie na mimi. Sasa mama alikuwa amemwachia. Nisiposema mimi, kusingekuwa na mtu Dar es Salaam nzima wa kulisema neno lile tena.

"Mama kasema ukae," nikamwambia. "Na ukae, kwa sababu mtoto anakuja. Lakini mimi sijasema. Mimi nataka urudi."